Mazishi Ambayo Jaji Hakuyaamini

Riziki alinipigia simu nikiwa zamuni, namlisha uji mzee mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Louisville, akaniambia mama yake amefariki Columbus na mazishi ni Jumamosi. Nilimpa pole, nikauliza alivyougua, nikaambiwa ni sukari iliyofika mpaka kwenye figo, nikampa pole tena. Kisha likanitoka swali ambalo sikuwa nimelipima: "Masika mmemwambia?" "Ameambiwa, atakuja," akasema. "Lakini mama aliacha neno. Akija, asilie." Huyo mama yake, Mama Kahindo, alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Kuna watu ambao kifo kikikaribia huwalainisha, wakasamehe kila mtu na kugawa vitenge. Yeye alikwenda na kinyongo chake kikiwa kimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Nilimaliza kumlisha yule mzee, nikamfuta mdomo, nikaenda chooni nikalia. Wala sikulia kwa huzuni peke yake. Nililia pia kwa hasira, hasira ya mwaka mmoja wa Buffalo ambao nilidhani nimekwisha kuachana nao.

Mwaka 2015 nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi katika kiwanda cha vyakula vya kugandisha, na naishi kwa dada yangu Espe, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao upande wa magharibi wa Buffalo. Sebuleni kulikuwa na makochi tuliyopewa na kanisa, zulia lililonuka mbwa wa watu waliotutangulia, na hita iliyogonga ukutani mchana kutwa kana kwamba kuna mtu anataka kufunguliwa. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kilichowahi kuwa stoo. Mchungaji alituomba tumpokee humo mama mmoja Mkongo wa Butembo, kwa muda tu, na shemeji alikubali kwa sababu aliombwa mbele ya watu. Huyo ndiye Masika. Hakuna aliyempenda katika nyumba ile, na mimi sijitoi. Sisi Warundi tulikulia kambini Tanzania. Tulihojiwa, tukapimwa vifua, tukahojiwa upya na watu wengine waliouliza maswali yale yale, tukawa tunakimbilia ubao wa matangazo kutafuta majina yetu hadi watoto wakawa watu wazima. Masika alipanda ndege na viza ya kuhudhuria mkutano wa maombi, akashuka, akasema anaomba hifadhi. Kwetu hilo lilikuwa kama mtu kuruka foleni ya maji.

Shemeji hakulificha. Tulikuwa tunakula ugali na maharage, mlango wa jiko uko wazi, Masika yuko ndani anakata sombe yake, majani ya muhogo, na shemeji anasema, "Mkimbizi gani huyu wa viza? Mimi nilikimbia kwa miguu." Dada Espe akasema, "Punguza sauti, anasikia." "Asikie. Unadhani namwambia nani?" Kisu kule jikoni hakikusimama hata kidogo. Masika alikula sisi tukisha kula, amesimama karibu na sinki, kisha akaosha vyombo vyetu pamoja na chake. Hilo nalo lilimuudhi shemeji, akasema anatafuta kuonewa huruma. Sasa hivi nina umri ambao Masika alikuwa nao wakati ule, na bado sijaelewa mtu anawezaje kuishi ndani ya nyumba inayomtemea mate kila siku na akakumbuka kufunika chumvi isiingie unyevu. Mimi ningevunja sahani.

Habari yake niliijua kwa vipande. Mume wake alichukuliwa na watu wenye silaha akitoka shambani. Baadaye watu hao wakarudi kumtafuta yeye, akakimbia, akawaacha watoto wawili kwa mama yake mzazi. Akipewa hifadhi Marekani angeweza kuwaita watoto. Akinyimwa, angerudishwa kule kule kwa waliomfuata. Hakuna kingine alichokuwa akikitaka duniani, na alilisema hilo kwa yeyote aliyeuliza, ila waliouliza walikuwa wachache. Siku ya kesi yake nikaambiwa mimi ndiye nimpeleke, kwa kuwa nilikuwa na gari na sikuwa na mume wa kunizuia.

Mahakama yenyewe ilikuwa chumba kisicho na dirisha katika jengo la katikati ya mji. Jaji juu, wakili wa serikali huku, na huku wakili wa Masika, binti wa kujitolea ambaye viatu vyake vilikuwa vimelowa theluji. Mkalimani alikuwa sauti tu ya mwanamume kwenye simu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Masika alieleza yote vizuri hadi walipofika kwenye mazishi. Wakili wa serikali alikuwa na barua ya padri wa parokia yake, barua ambayo Masika mwenyewe ndiye aliyeileta, na padri aliandika kwamba mwili wa marehemu haukupatikana kamwe.

"Ulisema mlimzika mume wako," yule bwana akasema.

"Tulimzika."

"Mlizika nini?"

"Bwana yangu."

"Uliuona mwili wake?"

Mkalimani akarudia swali, akidhani halikusikika.

"Padri anasema mwili haukupatikana. Padri ni mwongo?"

"Padri si mwongo."

"Basi mwongo ni wewe?"

"Tulimzika," akasema Masika, na kuanzia hapo, kila alipoulizwa, hakuwa na jibu jingine. Wakili wake alimgeukia akimsihi kwa macho. Jaji alivua miwani, akaisafisha, akasoma uamuzi wake siku ile ile bila kupandisha sauti. Alisema haamini kwamba mazishi yalifanyika. Na kama shahidi anaweza kutunga mazishi ya mume wake, alisema, basi mahakama haina sababu ya kuamini hayo mengine. Ombi limekataliwa. Ana mwezi mmoja wa kukata rufaa. Nimewahi kusikia watu wakifokewa na askari wa kambi, na nimewahi kufokewa mwenyewe, lakini sijasikia ukatili kama ule wa mtu anayesema hivyo kisha anauliza kama kuna mwenye swali.

Ndani ya gari mimi ndiye niliyefoka. Nilimwambia amejiangamiza, amewaangamiza watoto, amenipotezea siku ya kazi. "Dada Masika, mnamzikaje mtu ambaye hayupo? Si ungesema tu!" Aliangalia theluji chafu iliyorundikwa kando ya barabara. "Siwezi, Goreti," akasema. "Kuko mutu mumoja tu anaweza kukuelezea. Na ule mutu hanisalimiake." Mtu huyo alikuwa Mama Kahindo, wifi yake, dada wa marehemu. Aliletwa Columbus pamoja na binti yake Riziki kutoka kambi ya Uganda wiki mbili tu baada ya siku ile, naye Masika alizipata habari hizo kanisani, maana Wakongo wa Buffalo na wa Columbus wanajuana hadi majina ya utani.

Wakili aliposikia, alifurahi kupita kiasi. Alitueleza kwamba rufaa inakwenda kwenye bodi iliyoko Virginia, na kwamba huko hakuna anayekwenda kusimama wala kulia, watu wanasoma karatasi tu. Lakini akipatikana shahidi ambaye hakuwepo nchini siku ya kesi, bodi yaweza kuirudisha kesi kwa jaji isikilizwe tena. Akampigia simu Mama Kahindo kupitia mkalimani. Mama Kahindo aliposikia jina la Masika alikata simu. Akapiga tena, ikakatwa. Ndipo wote wakanitazama mimi na gari langu. Nilikubali kwa ubishi mtupu. Shemeji alisema ni kuchoma mafuta bure kwa ajili ya mwongo aliyekwisha kuthibitishwa na mahakama, na mwaka ule nilimchukia shemeji kuliko nilivyokosa kumpenda Masika.

Jumamosi hii ya mazishi nilikwenda Columbus kwa kupitia Cincinnati, barabara pana, kahawa mkononi, mtu mwenye pasipoti ya Marekani kwenye pochi. Mara ile ya kwanza nilitokea juu, kupitia Cleveland, mvua ya barafu inanipiga kwenye kioo na Masika hayupo, kwa sababu wakili alituonya kwamba akionekana mlangoni tutafukuzwa wote. Mama Kahindo alikaa Hilliard, kitongoji cha Columbus, kwenye nyumba za kupanga zilizofanana zote, hata nikagonga mlango wa Msomali kwanza. Alinifungulia mwenyewe. Mwanamke mfupi, mabega mapana, kitenge amekifunga juu ya suruali ya joto. "Shikamoo mama," nikasema. Akaiacha shikamoo yangu hewani. Kwao hawana salamu hiyo, ila hata wangekuwa nayo sidhani kama angeijibu. "Ikala," akasema, akinionyesha kiti. Televisheni ilikuwa inaonyesha watu wanaoshindana kupika keki. Alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi, nzuri sana, na hakunywa nami. Kwa watu wa kwetu na wa kwao, kumpa mgeni chai huku umesimama ni kumwambia amalize aende.

"Donc, unatoka Buffalo yote ile juu ya Masika."

"Ndiyo, mama. Kesi yake imeanguka. Wewe tu ndiye unayeweza kumsaidia."

"Masika alituachia kilio. Tulikuwa mu matanga, moto haiyazima, mama mukwe analala chini. Yeye akatoka na mulango ya nyuma. Hata nywele hakunyoa. Leo anataka nimusemee?"

"Kama angebaki wangemuua, mama."

"Bon. Angekufa na siye. Siye tulibaki. Bamoja balikufa, bengine tuko hapa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kubaki na kufa si sifa, na kwamba kule Butembo kuna watoto wa kaka yake wanaokula kwa bibi mzee, na mama yao akirudishwa watakuwa hawana baba wala mama. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kusema na wakubwa. Nikamwambia ni njaa. Tulikuwa wanawake wawili tunaozozana mbele ya keki ya watu, na nilikwisha kuinuka na kuvaa koti. Nilichosema mwishoni sikukipanga. Nilitaka tu kumuumiza. "Sawa," nikasema, "basi na yule jaji amesema kweli. Amesema mbele yangu kwamba kaka yako hakuzikwa. Ameandika kabisa kwamba hayakuwepo mazishi yoyote."

Mama Kahindo alichukua kidhibiti akazima televisheni.

"Anasema nini?"

"Anasema hamkumzika."

"Anasema niliacha kaka yangu inje?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ule jaji alikuwaka pale? Alibeba? Ni yeye alibeba?"

Akakaa, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Alitazama mikono yake, kisha akasema yote kwa mkupuo, bila kunitazama, na mimi naandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme aliyonisogezea mwenyewe.

"Tulimungojea. Mutoni hapana, porini hapana. Wazee bakasema, mutu hawezi kubakia inje kama mbuzi. Bakakata mugomba ku shamba yake, ule alipandaka na mikono yake. Nikauvalisha shati yake ya kanisa. Nikaubeba ku mugongo, miye, sababu ni dada ndiye anabebaka. Ulikuwa na maji mingi, maji ikanishuka mpaka ku miguu. Tukauweka mu kaburi, tukafunika, tukalia. Kisha pale ule si mugomba tena. Ni kaka yangu. Hakuna mutu anasemaka tena ile neno. Mujane akilisema, inashika batoto yake. Mwenye kubeba akilisema, inamushika mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomwelewa Masika, na nikaona haya ya kila nilichomfokea ndani ya gari. Neno ambalo lingewaleta watoto wake Marekani ndilo, kwa imani yake, lingewaua. Aliliuma mbele ya jaji akakubali kuitwa mwongo. Na padri hakuwa mwongo, na mjane hakuwa mwongo, na mule chumbani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefikiri kuuliza watu wa ukoo wao wanafanya nini maiti isipopatikana. Kisha nikaelewa pia nilichokuwa nimekifanya kwa mama huyu aliye mbele yangu.

"Mama, basi," nikasema. "Usiendelee. Nitayafuta."

"Nimekwisha kusema. Andika." Akanionyesha bahasha kwa kidole. "Na uandike tena: Masika simupende. Andika vile minasema."

Wakili alipoyasoma yale maneno kwa Kiingereza, aligusa sentensi ya mwisho kwa kalamu, nikadhani anataka kuikata. Akasema hapana, hiyo ndiyo itakayotubeba, kwa sababu mtu anayekuchukia hana faida ya kukudanganyia. Ilipelekwa Virginia kama ilivyo. Tulingoja hadi theluji ikayeyuka, ikaja joto la kunata, ikarudi theluji. Masika aliendelea kula akiwa amesimama. Siku bodi ilipojibu kwamba kesi irudishwe kwa jaji, shemeji alisema, "Sasa wamepata la pili la kumkatalia," kisha akaenda kulala. Espe alimpakulia Masika ugali siku ile, akamvutia kiti. Masika akakikalia ukingoni.

Mama Kahindo alikuja Buffalo kwa basi. Alikataa kulala nyumba moja na wifi yake, akalala kwa mchungaji. Mahakamani alivaa kitenge kipya cha bluu na kilemba, akasimama wima, akalisema lile neno kwa sauti ambayo hata mkalimani wa kwenye simu alisita kabla ya kulitafsiri. Wakili wa serikali, yule yule, akauliza kama si kweli kwamba amekuja kumsaidia ndugu yake. "Kumusaidia?" akasema Mama Kahindo. "Uniulize tena ile swali." Jaji, naye yule yule, aliandika kitu kwenye karatasi zake. Hakuomba radhi. Hakuna anayeomba radhi katika vyumba vile. Alisema sasa ameelezwa na ameridhika, na hifadhi imekubaliwa, na akaita kesi inayofuata. Mimi namchukia hadi leo, na sioni sababu ya kuacha. Huko nje kwenye korido Masika alipiga magoti kumsalimu wifi yake, watu wanapita na mikoba yao. Mama Kahindo akamzunguka kama unavyozunguka ndoo iliyowekwa njiani. "Sikufanya juu yako," akasema, akaenda kungoja lifti. Watoto walikuja baadaye, wakakua, wanazungumza Kiingereza cha Buffalo hadi mama yao anawaomba wapunguze kasi. Shangazi yao hakuwahi kuwapigia simu, wala hakupokea walipompigia wao.

Jumamosi, basi, walimzika kwenye makaburi ya nje kidogo ya Columbus, majani yamekatwa sawasawa, upepo baridi. Masika alichelewa. Gari la mwanawe liliharibika njiani, na alipofika sanduku lilikuwa limefungwa na kwaya imeanza. Alisimama nyuma kabisa. Macho makavu, midomo imebanwa. Riziki alikuwa amempelekea mapema neno la mama yake, na yeye alilitii. Tulipofika kwenye ukumbi wa kanisa kula, hakukaa na wafiwa. Nilimkuta jikoni, mikono ya gauni imekunjwa, anasugua sufuria la wali lililoungua chini. Amenenepa kidogo, nywele zimeingia mvi. Alinikumbatia kwa viwiko ili asinilowanishe.

"Goreti, uliona mwili?"

"Niliuona, dada. Niliwahi kabla hawajafunga."

"Amevaa nini?"

"Kitenge cha bluu. Kile cha mahakamani."

"Ni yeye kabisa?"

"Ni yeye."

"Basi tumemuzika," akasema. Akaweka sufuria chini, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha kwao, kile ambacho hakukimaliza alipotokea mlango wa nyuma, hadi watu wakaacha sahani na kuja kujazana mlangoni. Riziki alisogea mbele, uso umekaza. Alimwambia Masika kwamba marehemu alikataza, na kila mtu anajua kwamba alikataza.

"Najua," akasema Masika. "Na yeye balimukatazaka kusema, akasema."